MRI Zimefika Mikoani, Mgongo Bado Unauma

Miaka 15 iliyopita, mgonjwa wa mgongo aliyeko Songea au Kigoma akiandikiwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, alikuwa ameandikiwa safari ya Dar es Salaam. Siku hizi mashine hizo zinazidi kusogea karibu na watu, Tanzania na Kenya, katika hospitali za rufaa na za binafsi, na miongoni mwa wanaozikimbilia ni wenye maumivu ya kiuno yaliyodumu miezi au miaka, wakiamini kwamba sasa hatimaye watajua wanaumwa nini. Kwa aliyeumia uti wa mgongo ajalini au mwenye uvimbe kichwani, mashine hii ni neema isiyo na ubishi. Kwa maumivu sugu ya mgongo tumeielewa vibaya. Wengi wa wagonjwa hawa hawataona kwenye picha kile kinachowauma, na baadhi yao watatoka na karatasi itakayowaongezea maumivu. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao wiki 8 hadi 12 akiwafundisha kutembea, kuinama na kubeba tena. Mtu huyo hazinduliwi kwa kukatwa utepe, ndiyo maana hatumwoni.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Maumivu ya mgongo huitwa sugu yanapozidi wiki 12. Eneo linalohusika zaidi ni kati ya mbavu za mwisho na makalio, pale ambapo wengi wetu tunapaita kiuno. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa nayo, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi washindwe shughuli zao. Katika takribani visa tisa kati ya kumi hakuna mfupa uliovunjika, ugonjwa au neva iliyobanwa inayoweza kunyooshewa kidole kwa uhakika. Hapo ndipo mgonjwa hukasirika, na kwa haki, kwa sababu husikia kama ameambiwa anaigiza. Haigizi. Maumivu yakikaa miezi, mfumo wa fahamu wenyewe hubadilika. Neva na ubongo huanza kupiga kelele kwa jambo dogo, mithili ya king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita juu ya boneti. Maumivu ni ya kweli, ila hayalingani tena na hali ya mifupa na misuli. Usingizi wa vipande vipande, hofu ya kupoteza kibarua, msongo wa mawazo na kulala kitandani mchana kutwa vyote huyapandisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye MRI.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji, ukilenga huduma za ngazi ya msingi. Unapendekeza elimu inayomwezesha mgonjwa kujisimamia, programu ya mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa misuli, tiba ya kisaikolojia inayogusa fikra na tabia, na dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki kwa uangalifu. Kisha unataja vitu visivyopaswa kutolewa kwa kawaida: mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, ultrasaundi ya tiba, mashine za umeme zinazobandikwa mgongoni, dawa za jamii ya afyuni kama tramadoli, dawa za kulegeza misuli, steroidi, na hata paracetamol. Isome tena orodha hii ya pili. Ndiyo karibu kila kitu ambacho mgonjwa wa mjini hutoka nacho hospitalini na kwenye duka la dawa. Na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wasijifiche nyuma ya mwongozo huu, maana ziko idara ambazo tiba yake yote ni mgonjwa kulala kifudifudi dakika 20 akiwa amebandikwa waya na kitambaa cha moto, kisha "njoo keshokutwa".

Sasa tuishike ripoti yenyewe ya MRI. Chukua mtu wa miaka 45 ambaye kiuno kimemsumbua miezi minane, mguu hauna ganzi, hana homa, hajapungua uzito. Ripoti yake itasomeka hivi, kwa maneno ya kitabibu ambayo hakuna atakayemfafanulia: diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imekauka na kupungua kimo, imetuna kwa nyuma na kugusa utando unaozunguka neva, viungio vidogo vya nyuma ya pingili vimechakaa, njia za kutokea neva zimekuwa nyembamba kiasi pande zote mbili. Pingili hizo ziko karibu na usawa wa mkanda wa suruali, palepale anapoumwa, kwa hiyo ushahidi unaonekana umekamilika. Akifika nyumbani tafsiri inakuwa "pingili zimesagika, diski imetoka, neva zimebanwa". Tangu siku hiyo hainami kuokota ufunguo.

Kilichokosekana kwenye ripoti ni takwimu moja. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo huku hawana maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilianzia asilimia 30 kwa vijana wa miaka 20 na kufika asilimia 84 kwa wazee wa miaka 80. Hawa ni watu wasio na malalamiko ya mgongo. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 mwenye kiuno kinachouma na diski iliyotuna anaweza kabisa kuwa na vitu viwili visivyohusiana. Hata kusoma picha kwenyewe si kazi ya hesabu kama tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulimpeleka mwanamke mmoja wa miaka 63 kwenye vituo 10 vya MRI katika eneo la New York ndani ya wiki tatu. Ripoti 10 zilitaja jumla ya kasoro 49 tofauti, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyotajwa na vituo vyote 10. Mgongo ni uleule, wiki ni zilezile.

Wapo wanaosema: hata kama picha haibadilishi tiba, angalau humtuliza mgonjwa, na utulivu nao ni dawa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi kwenye vyumba vya madaktari waliochoka kubishana. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2021 uligawa kwa bahati nasibu wagonjwa 44 wa maumivu sugu ya kiuno wasio na dalili za hatari. Kundi moja lilielezwa kila kasoro iliyoonekana kwenye MRI. Jingine liliambiwa kwamba picha iko sawa, ni mabadiliko ya kawaida ya umri. Baada ya wiki 6 za tiba ileile, kundi la kwanza liliuona mgongo wao kuwa mbovu zaidi na hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Wafanyakazi wa Marekani wenye maumivu ya kiuno waliopigwa MRI mapema bila sababu ya kitabibu walikaa nje ya kazi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, na walifanyiwa upasuaji zaidi. Picha humtuliza mgonjwa pale tu anapokuwepo mtu mwenye muda wa kuieleza. Mtu huyo angekuwepo, mara nyingi picha isingehitajika.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na inatoka kwa madaktari wetu wenyewe: hapa si Ulaya. Katika utafiti uliofanyika Sydney, Australia, kati ya wagonjwa 1,172 wa maumivu mapya ya kiuno katika huduma za msingi, 11 tu walikuwa na ugonjwa mkubwa, wengi wao mfupa uliovunjika. Sisi tuna kifua kikuu cha uti wa mgongo, tuna ugonjwa wa brusela kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, tuna selimundu inayoua sehemu za mifupa, tuna saratani ya tezi dume na ya matiti zinazogunduliwa zikiwa zimeshafika kwenye pingili. Ukimnyima mgonjwa picha, unaweza kumwacha na kifua kikuu kinachokula pingili kwa mbele hadi mgongo upinde kibiongo na miguu ipooze, wakati tiba ipo na inatolewa bure, hata kama kwa mifupa mara nyingi hufikia miezi 12. Hoja hii siipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba inahitimisha kinyume na inavyotumiwa. Kama MRI ni chache na magonjwa hayo ni mengi, basi foleni ya MRI ni ya mwenye dalili za magonjwa hayo, na kila picha ya mtu wa miaka 45 niliyemweleza hapo juu ni nafasi aliyoikalia mwenye kifua kikuu.

Na dalili hizo hazihitaji mashine ili kuzipata. Daktari au afisa tabibu aulize: una homa za jioni au jasho la usiku? Umepungua uzito bila kujinyima? Maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui ukibadili mlalo? Umewahi kutibiwa saratani au kifua kikuu, unaishi na VVU, umetumia steroidi muda mrefu, umeanguka hivi karibuni ukiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50? Kijana ambaye mgongo wake hukakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa na kulegea akianza kazi, huenda ana ugonjwa wa kinga kushambulia viungio vya mgongo, na huyo apelekwe kwa mtaalamu badala ya kuongezewa sindano. Kisha mikono ifanye kazi. Gonga kila pingili kwa ngumi nyepesi, utafute moja inayouma peke yake. Mlaze mgonjwa chali, unyanyue mguu ulionyooka. Maumivu yanayochomoza hadi chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70 yanaelekeza kwenye neva. Atembee kwa visigino, atembee kwa ncha za vidole. Anayeshindwa kusimamia visigino ana udhaifu wa neva za juu kidogo, anayeshindwa ncha za vidole ni neva ya chini yake. Mguse kwa pamba dole gumba la mguu na ukingo wa nje wa unyayo, alinganishe kulia na kushoto. Mpime joto na uzito. Kazi yote haizidi dakika 15, na kwa sehemu kubwa ya wagonjwa inaamua mambo kuliko picha.

Kuna hali moja isiyosubiri foleni yoyote: maumivu ya kiuno pamoja na ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kujitokea wenyewe, choo kutozuilika, miguu yote miwili kulegea. Hapo neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na muda wa kuziokoa unahesabiwa kwa saa.

Kwa upasuaji napo tuwe wakweli pande zote. Diski inapotoka na kubana neva, mguu ukauma kuliko kiuno, upasuaji husaidia na husaidia haraka. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 wa namna hiyo: nusu wapasuliwe mapema, nusu wasubiri wakipewa tiba ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu mapema zaidi. Mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona, na asilimia 39 ya waliosubiri ndio walioishia kupasuliwa. Wanaoogopa kwamba diski iliyotoka hairudi wanapaswa kujua kwamba mwili huinyonya wenyewe: uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha vipande vilivyokatika kabisa hupungua au kutoweka katika asilimia 96 ya visa, na vilivyochomoza bila kukatika katika asilimia 70. Diski iliyotuna tu, ile ya ripoti ya kawaida, hupungua katika asilimia 13, na haina shida kwa kuwa aghalabu siyo inayouma. Familia inayofungua kundi la WhatsApp la michango kumpeleka mzazi India kwa sababu ya diski iliyotuna, bila mguu wenye ganzi wala udhaifu, inachangia kitu ambacho hakina ushahidi wa kumsaidia.

Halafu kuna figo. Sijui ugonjwa mwingine unaosingiziwa mgongo kuliko figo, labda UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu kiuno kinamuuma akiinama na kupoa akilala, anaambiwa na jirani "pima figo", anaanza kunywa maji lita nyingi na mitishamba. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida hauumi mgongo kabisa. Ndiyo sababu hugunduliwa umechelewa. Figo zinazouma ni zenye maambukizi au jiwe, na zinauma ubavuni chini ya mbavu, pamoja na homa na kutetemeka, au maumivu yanayokuja kwa mawimbi hadi kinenani, wala hayabadiliki mtu akiinama. Kinachosikitisha ni mzunguko wenyewe: anayehofia figo hununua diklofenaki dukani kutuliza mgongo, na diklofenaki ikitumiwa miezi mfululizo ni miongoni mwa vitu vinavyoua figo kweli. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge 3 vya 50, kwa siku chache, baada ya chakula. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, wala mjamzito aliyefikisha wiki 20 bila daktari kumwandikia. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini pamoja na dawa zinazoishia na "-prili" au "-sartani", akiongeza diklofenaki juu yake, anaziweka figo zake mahali pabaya sana. Sindano haina nguvu ya siri kuliko kidonge. Ni dawa ileile, hatari ileile kwa figo, na imeongezewa jipu la makalio. Pregabalini nayo, dawa ya maumivu ya neva inayoandikwa siku hizi karibu kwa kila mwenye mguu unaochoma, ilipimwa Australia kwa wagonjwa 209 wa maumivu ya neva ya mguu yanayotoka kiunoni, matokeo yakatoka mwaka 2017: haikushinda kidonge kisicho na dawa, ila ilileta kizunguzungu zaidi.

Kinachofanya kazi hakina mvuto. Anza na kutembea. Pima unatembea dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda kwa kiasi kikubwa, tuseme 20. Usianze na 20, anza na nusu, dakika 10, siku 5 kwa wiki, siku nzuri na siku mbaya sawasawa. Ongeza dakika 2 au 3 kila wiki, na wiki ya 8 utakuwa karibu na dakika 30. Maumivu yakipanda alama moja au mbili kati ya 10 na kushuka kabla ya kesho yake asubuhi, endelea. Yakibaki juu zaidi ya saa 24, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita, usiache. Utafiti wa Australia wa mwaka 2024, wenye watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno, uliwafundisha kutembea hivyo kwa kuongeza kidogokidogo, wakionana na mtaalamu hadi mara 6 kwa miezi 6. Nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiopewa programu hiyo ilikuwa siku 112. Kwa kitu kinachohitaji raba na barabara, hayo ni mafanikio ambayo vidonge vingi havijayaonyesha.

Nguvu ifuate. Shika ufito au mpini wa fagio mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Inama kwa kurudisha makalio nyuma, magoti yakilegea kidogo, ufito usiachie hata sehemu moja. Ukiweza marudio 10 bila ufito kuachia, shika ndoo ndogo yenye maji lita 5 mbele yako, baadaye lita 10. Ongeza kunyanyua makalio ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, na kusimamia mikono na magoti huku ukinyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa sekunde 10, kisha kubadilisha. Mizunguko 3 ya marudio 8 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki. Hakuna aina moja ya zoezi iliyothibitika kuwa mfalme. Anayependa kuogelea aogelee. Wanakoanguka wengi ni kwenye siku nzuri. Mama ameamka Jumamosi kiuno kimetulia, anafua nguo za wiki nzima, anapiga deki nyumba yote, anachota maji, kisha analala siku tatu. Akilala misuli inapungua, hofu inapanda, na siku nzuri inayofuata itahitaji kazi ndogo zaidi kumwangusha. Afue kwa mafungu matatu, beseni likae juu ya meza au stuli ndefu badala ya sakafuni, na ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za upande mmoja, igawanywe madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Na asilale sakafuni kwa kuambiwa kitanda kigumu ndicho dawa: utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 kwa watu 313 ulionyesha godoro la ugumu wa kati likishinda lile gumu.

Hapa atasimama mtu na kusema, na nimesikia hoja hii ikitolewa kwa hasira halali: unamwambia mkulima anayeshika jembe alfajiri, au mbeba mizigo wa Kariakoo, afanye mazoezi? Anafanya kazi ngumu kuliko mwanariadha. Ni kweli, lakini jembe la mpini mfupi huupeleka mgongo upande uleule maelfu ya mara bila kupumzika, bila kupanda taratibu, bila kugusa misuli ya upande wa pili. Anachohitaji mtu huyo si kuongezewa kazi, ni kuongezewa uwezo unaozidi kazi yake, na kuibadilisha kazi pale panapobadilika: mpini mrefu, kubadilisha mkono wa mbele kila tuta, mapumziko ya dakika mbili kabla kiuno hakijadai. Hoja hii ina sehemu ambayo siwezi kuijibu kwa zoezi lolote. Kujipimia kazi kunadhani kwamba mtu ana mamlaka juu ya siku yake. Kibarua anayelipwa kwa gunia hana, na dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka jioni hana. Kwao tiba ya mgongo inapita kwenye masharti ya kazi, na daktari anayejifanya halioni hilo atawalaumu wagonjwa kwa kutofuata ushauri.

Basi mfumo ufanye nini? Ushauri mmoja unaovutia ni kuandika chini ya kila ripoti ya MRI kwamba mabadiliko haya huonekana pia kwa wasioumwa. Marekani walijaribu hilo kwa wagonjwa zaidi ya 200,000, matokeo yakatoka mwaka 2020: matumizi ya jumla ya huduma za mgongo hayakupungua, ila dawa za jamii ya afyuni zilipungua kidogo. Maandishi peke yake hayatoshi, ingawa hayana gharama na ningeyaweka kesho. Kilichotikisa mizani ni maongezi. Utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka 2023 ukiwa na wagonjwa 492 wenye maumivu sugu yaliyowazuia shughuli, uliwapa hadi vipindi 7 ndani ya wiki 12, na kimoja cha kukumbushia baadaye, ambapo mtaalamu wa fiziotherapia alimsaidia mgonjwa kuyaelewa maumivu yake, kurudia hatua kwa hatua miondoko anayoiogopa, na kurekebisha usingizi na shughuli zake. Nafuu ilikuwa kubwa na ilikuwepo bado mwaka ulipotimia. Vipindi saba si ndoto kwa nchi zetu. Hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha fiziotherapia kwa miongo mingi, Kenya ina KMTC, chuo chake cha mafunzo ya tiba. Wahitimu wapo, wengine wanatafuta ajira. Vikundi vya watu 8 au 10 wenye tatizo moja, saa moja kwa wiki kwenye ukumbi wa kituo cha afya, vingepunguza gharama zaidi.

Kikwazo kiko kwenye malipo. Bima zilizozoea kulipia kipimo kimoja cha bei kubwa na sindano kadhaa huuliza maswali mengi zikiletewa vipindi saba vya mazoezi, kwa sababu kipimo kina risiti na picha, na mazoezi yana mgonjwa anayesema anajisikia nafuu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Tanzania na SHA, mfumo mpya wa bima ya afya wa Kenya, bado viko katika hatua ambazo vifurushi vinaweza kurekebishwa, na marekebisho mawili yangetosha kuanzia. La kwanza, fomu ya kuombea MRI ya kiuno iwe na mstari wa lazima unaotaja dalili ya hatari au udhaifu wa neva uliopatikana kwa kumpima mgonjwa. Bila hivyo, kipimo kisilipwe hadi wiki 6 za tiba ya mazoezi zipite. La pili, wiki hizo 6 zilipwe kikamilifu bila kibali cha kila kipindi, na hospitali inayoomba MRI mpya ionyeshe ina wataalamu wangapi wa fiziotherapia na mgonjwa wa mgongo anasubiri siku ngapi kuwaona. Bila hilo la pili, la kwanza litakuwa njia tu ya kumnyima maskini kipimo.